Setilaiti Haipiti kwa Madaha

Nina daftari ambalo ukurasa wake wa kwanza hunitia haya kila ninapoufungua. Niliuandika Machi 2025 juu ya ukingo wa Manga, katika kaunti ya Nyamira, asubuhi ambayo mimi na mwenzangu anayesomea Fizikia tulifuatilia setilaiti kwa mara ya kwanza. Nimeandika hivi: "Ilichomoza kaskazini kwa madaha, ikaikata anga kama malkia, ikatokomea kusini." Mwenzangu aliusoma, akanirudishia daftari, akaniuliza maswali matatu. Ilichomoza saa ngapi? Ilifika kimo cha nyuzi ngapi? Ilizama upande gani hasa wa kusini? Sikuwa na jibu hata moja. Na la kunifedhehesha zaidi ni kwamba hatukuiona setilaiti hiyo kwa macho. Jua lilikuwa limekwisha kupanda. Tuliisikia tu redioni. Hayo madaha niliyatoa kichwani mwangu.

Hapana shaka msomaji amewahi kuhudhuria kongamano la Kiswahili ambamo mtu husimama na kulalamika kuwa lugha yetu haina istilahi za sayansi. Mwingine humjibu kuwa tuunde kamati. Wa tatu hukumbusha kuwa Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ilikwisha kuchapisha Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia mnamo 1990, nakala zikaendelea kukusanya vumbi. Kisha chai huletwa. Makala haya yanashikilia rai nyingine. Katika suala la setilaiti, maneno tunayo tele, na tumekuwa nayo tangu kabla ya setilaiti yoyote kurushwa. Tusichokuwa nacho ni watu waliosimama nje na kupima, na katika upungufu huo sisi wanafunzi wa Kiswahili ndio wa kulaumiwa wa kwanza.

Tuanze na jambo lenyewe. Setilaiti tuliyoisikiliza iliitwa NOAA-15, chombo cha Marekani cha hali ya hewa kilichorushwa tarehe 13 Mei 1998, kabla mimi sijazaliwa. Kilikusudiwa kifanye kazi kwa miaka miwili. Kikafanya kwa miaka 27. Kilizunguka umbali wa takriban kilomita 800 juu ya ardhi, kikipita karibu na ncha ya kaskazini na ncha ya kusini, na kila mzunguko ulikichukua dakika 101 hivi.

Aliyewahi kufunga mpira wa matambara ataelewa upesi. Mtoto huupitisha uzi juu na chini, juu na chini, huku mkono wa pili ukiugeuza mpira kidogo kidogo. Mwishowe uzi huuenea mpira wote. Dunia ndiyo mpira huo. Katika dakika zile 101 huwa imejigeuza nyuzi 25, kwa hiyo setilaiti inaporudi kwenye ikweta huikuta sehemu iliyo kilomita 2,800 hivi magharibi ya ile ya awali. Sasa tazama tena mpira: nyuzi zote hukutana kwenye ncha, zikaachana tumboni. Ndiyo maana kituo cha Svalbard, kaskazini ya mbali ya Norway, huweza kukipata chombo cha namna hii katika kila mzunguko, mara 14 kwa siku. Kisii, iliyo chini ya nyuzi moja kusini mwa ikweta, hukipata mara mbili asubuhi na mara mbili jioni, na mara nyingine mojawapo ya hizo hupita chini sana hata vilima vikaificha. Wakazi wa bondeni hupata haba kuliko wa juu. Hili nililijifunza kwa miguu, kwani jaribio letu la awali tulilifanyia nyuma ya bweni, penye kilima upande wa kaskazini, tukapata mvumo mtupu.

Vifaa vyetu vilikuwa vya kuchekesha. Waya mbili za shaba, kila moja ya sentimita 53, zilitandazwa mithili ya herufi V kwa pembe ya nyuzi 120, zikafungwa juu ya ubao. Kutoka hapo kebo iliingia katika kipokezi kidogo kinachochomekwa kwenye tarakilishi. (Naandika tarakilishi kwa mazoea ya shule, anayependa kompyuta hatutagombana.) Programu ya kukisia mapito hulishwa mistari miwili ya tarakimu zinazoeleza njia ya chombo: mwinamo wake, kasi yake, mahali kilipokuwa kwa saa fulani. Tarakimu hizo huchakaa. Hewa, japo nyembamba mno kule juu, huvivuta vyombo nyuma, hasa vile vya chini zaidi, na anayetumia mistari ya mwezi uliopita huenda akasimama na waya wake wakati mgeni amekwisha kupita.

Mgeni wetu alikuja kwa wakati. Kwanza mvumo ulikwaruzika kidogo. Chombo kilikuwa bado mbali kaskazini, karibu kilomita 3,000, upande wa Bahari ya Shamu. Kisha ukazuka mlio wa tiki-taka kama wa saa ya ukutani, mapigo mawili kwa sekunde. Kila pigo lilikuwa mstari mmoja wa picha. Masafa yake yalikuwa 137.62 megahezi, lakini mwanzoni yalisikika juu ya hapo kwa kilohezi tatu hivi, yakashuka taratibu, na chombo kilipokuwa kikienda zake yakawa chini kwa kiasi kile kile. Ni jambo lile lile la matatu iendayo Keroka ikipiga honi: hukujia kwa sauti nyembamba, ikikupita sauti huwa nene. Baada ya robo saa hivi mvumo ulirudi. Kwenye kioo tulikuwa na Bahari ya Shamu, milima ya Ethiopia, Ziwa Turkana, Ziwa Viktoria jeusi kama tone la wino, na mawingu ya masika yakianza kujikusanya.

Kisii na Nyamira zilikuwa wapi? Tulihesabu. Kila nukta ya picha ile ni kilomita nne kwa nne, yaani kilomita 16 za mraba. Kaunti hizi mbili kwa pamoja zina kilomita za mraba 2,200 hivi. Basi sisi sote, watu zaidi ya milioni 1.8 kwa hesabu ya sensa ya 2019, pamoja na migomba yetu, chai yetu na kesi zetu za mipaka, tumetoshea katika nukta 140. Nilicheka, kisha nikanyamaza kidogo.

Narudi kwenye daftari. Maswali yale matatu ya mwenzangu yalihitaji maneno gani? Kuchomoza, kupaa, kilele, utosini, kuzama. Upeo wa macho. Kimo, yaani pembe kutoka upeo wa macho hadi kitu kilipo. Mwelekeo. Masafa. Hakuna neno hapo ambalo nyanya yangu wa Pwani, kama ningekuwa naye, asingelielewa. Wakulima na mabaharia wa Uswahilini walikwisha kutuachia taarifa kamili ya namna hii: kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Sisi huisoma methali hiyo darasani tukatafuta jazanda na taswira ndani yake. Ukweli ni kwamba haina jazanda yoyote. Ni ripoti ya mtu aliyekitazama kile kishada cha nyota mwaka baada ya mwaka, akaandika kwa ulimi wake lini kilizama, lini kilizuka, na mvua ilikuwaje. Lugha iliyoweza hayo haiwezi kushindwa na kopo la bati linalozunguka kwa dakika 101.

Mtu atanikumbusha kuwa Kiswahili kimekwisha kufika angani. Ni kweli. Tarehe 12 Desemba 1970, Waitaliano na Wamarekani walirusha kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi, setilaiti ya kwanza iliyotengwa kwa uchunguzi wa miali ya eksirei kutoka nyotani, wakaiita Uhuru kwa heshima ya sikukuu ya taifa letu. Hiyo ilizunguka karibu na ikweta, si karibu na ncha. Ilipita juu ya Gusii kila baada ya saa moja na nusu na ushei. Riccardo Giacconi, aliyeongoza kazi hiyo, alipata Tuzo ya Nobel mwaka 2002. Jina la Kiswahili limo katika vitabu vya astronomia ulimwenguni kote. Lakini tujiulize bila kujionea fahari: je, ni ukurasa gani wa vipimo vya Uhuru ulioandikwa kwa Kiswahili? Mnamo 15 Aprili 2023 tukawa na Taifa-1, iliyorushwa kwa roketi ya Falcon 9 kutoka Vandenberg, California, ikaingia katika njia ya ncha hadi ncha. Jina tena ni letu, na watangazaji wetu walilitamka kwa bashasha. Siku chache baadaye nilimwuliza mwanafunzi mwenzangu wa Kiswahili, mshairi hodari, setilaiti hiyo hupita juu ya Kisii ikielekea wapi. Akanijibu kuwa hupita "angani". Nisimcheke, mimi nilikuwa na malkia wangu.

Yamkini msomaji atauliza kuna ubaya gani. Wanafizikia na wapime kwa Kiingereza, nasi tubaki na tungo zetu. Hapo ndipo ninapotaka tusikilizane, kwa sababu ya jambo lililotokea asubuhi ile ile pale Manga.

Mama mmoja aliyetoka kuchuma chai, kikapu mgongoni, alisimama akatazama waya zetu. Tukamwamkia, akaitikia, kisha akauliza, "Wanangu, hicho chuma kinasikia nini?" Mwenzangu alianza kujibu, akakwama baada ya maneno mawili, akaingiza Kiingereza, mama akatikisa kichwa kwa upole ule wa mtu mzima asiyetaka kumwaibisha mtoto. Nikadakia mimi. Kiswahili kilinitiririka vizuri sana, ila sikuwa na la kusema, maana sikujua kilichokuwa kikisikika. Tulikuwa wawili, mmoja ana habari, mmoja ana lugha, na mama wa watu aliendelea kungoja. Mwishowe tulisaidiana. Tulimwambia kuna chombo juu kinachopiga picha za dunia na kutuma kwa redio. Akauliza swali ambalo sikulitarajia: "Kama kinaona huku kwetu, kinauona mpaka wa shamba langu?"

Katika Gusii swali hilo halina mzaha. Ardhi imegawanywa baba kwa mwana hadi mashamba yamekuwa vipande vyembamba vinavyoteremka kutoka mgongo wa kilima hadi mtoni. Tulimjibu kwa hesabu. Chombo hiki hapana, mama. Nukta yake moja inameza kijiji chako na vya jirani. Kuna vingine, Landsat, vinavyozunguka kilomita 705 juu, navyo hupita hapa baada ya saa nne na nusu asubuhi. Viwili vilivyorushwa 2013 na 2021 hupokezana hata picha ya hapa ikapatikana kila baada ya siku nane, mawingu yakiruhusu. Nukta yake ni mita 30 kwa 30. Ekari moja ni nukta nne na nusu. Akaniuliza nukta moja ni hatua ngapi. Nikampimia kwa miguu barabarani, hatua arobaini hivi. Akatazama upande wa kwake, akasema, "Basi upana wa shamba langu haufiki hapo. Hakijaniona."

Nimelifikiria jibu lile tangu siku hiyo kuliko nilivyofikiria mhadhara wowote. Mama yule alitambua mwenyewe upungufu wa picha za mita 30, jambo ambalo wataalamu huliandikia ripoti, na alilitambua mara tu alipopewa kipimo kwa maneno anayoyajua. Tukaendelea kumweleza kuwa zipo za Ulaya, Sentinel-2, zenye nukta za mita 10, ambazo zingeweza kukitenga kipande chake na cha jirani. Kwamba picha za Landsat zimehifadhiwa tangu 1972 na zimekuwa bure kwa kila mtu tangu 2008. Kwamba mmea wenye afya hurudisha kwa wingi mwanga fulani usioonekana kwa jicho, na kwa hiyo chombo huweza kutofautisha chai na mikaratusi iliyopandwa mabondeni ikakausha chemchemi. Aliposikia mikaratusi alitua kikapu chini. Hapo mazungumzo yakawa yake, nasi tukawa wasikilizaji: nani alipanda wapi, na chemchemi gani iliyokuwa ikitoka maji alipoolewa.

Picha za vyombo hivi hutumiwa kutoa maamuzi juu ya mazao, mvua, maporomoko na ramani. Kituo cha kanda cha ramani na rasilimali, kilichoanzishwa 1975, kiko Kasarani, Nairobi. Habari hushuka kutoka huko hadi kwa mkulima wa Borabu au Bomachoge ikiwa imefungwa ndani ya Kiingereza, na anayeifungua njiani aghalabu hufungua nusu tu. Mkulima anayeambiwa "setilaiti imeonyesha" hana la kuuliza. Aliyeambiwa nukta ni hatua arobaini anaweza kusema haijaniona. Tofauti ya wawili hao haitoki kwenye istilahi. Hakuna neno jipya hata moja lililotumika pale barabarani.

Sisemi kuwa hakuna mahali penye mushkili. Mimi na mwenzangu tulibishana jioni nzima juu ya njia ya setilaiti. Yeye alitaka obiti. Mimi nilitaka mzingo, kwa kuwa lina asili ya Kibantu na lina sauti nzuri. Akanikumbusha kwamba mtoto wa Tanzania aliyesoma hisabati kwa Kiswahili anajua mzingo kuwa jumla ya pande za umbo. Nikimwambia mzingo wa setilaiti atatafuta rula. Nikashindwa. Daftarini tunaandika obiti tunapozungumzia hesabu, na njia tunapozungumza na watu, wala hatujapata hasara. Kwa mwinamo sikukubali kushindwa: chombo ambacho njia yake imeinama nyuzi 98 kutoka ikweta kina mwinamo wa nyuzi 98, na neno lenyewe linajieleza. Naona migogoro ya namna hii huisha upesi watu wanapokuwa na kazi mbele yao. Isiyoisha ni ile ya kamati isiyo na waya wala daftari.

Rai yangu kwa chama chetu basi ni ndogo. Tuwe na daftari moja la mapito, la Kiswahili, lijazwe na wanafunzi wa Kiswahili na wa Fizikia wakiwa pamoja, mara mbili kwa juma. NOAA-15 yenyewe haiwezi tena kusikika. Ilistaafishwa tarehe 19 Agosti 2025, siku chache baada ya NOAA-19, na NOAA-18 ilikuwa imetangulia mwezi Juni. Nilihuzunika kwa namna ambayo sikudhani mtu anaweza kuhuzunikia mashine. Hata hivyo zile za Urusi ziitwazo Meteor-M, zilizorushwa 2023 na 2024, ziliwekewa masafa ya jirani, na waya zetu za sentimita 53 hazihitaji kukatwa upya. Asiye na kipokezi na atoke nje saa moja na nusu jioni, anga likiwa safi, atazame kaskazini na kusini. Nukta yenye mwanga isiyometameta, inayokwenda kutoka upande mmoja hadi wa pili kwa dakika chache, ni chombo cha njia ya ncha. Aandike saa, mwelekeo na kimo. Ngumi iliyonyooshwa mbele ya uso hupima nyuzi kumi.

Ukurasa wa pili wa daftari langu ni wa Aprili 2025, Manga tena. Unasema: "NOAA-15. Kuchomoza saa 2:07 asubuhi, kaskazini, ukielekea kidogo mashariki. Kilele nyuzi 61, upande wa mashariki, saa 2:14. Kuzama saa 2:21, kusini. Mvumo dakika mbili za mwisho, kwa sababu ya mti. Mawingu juu ya Ziwa Viktoria. Gusii yote imefunikwa." Mwenzangu aliusoma, akauliza ni mti gani.